Mama Nasibu na Ligi ya Besiboli ya Misimu Miwili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Mwamvua Maganga anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Kuchambua Pamba cha Busalala, hapa Shinyanga, kwa miaka thelathini na mmoja. Jina hilo refu mtalikuta kwenye barua za ofisi tu. Sisi wote tunamwita Mama Nasibu. Meneja wetu mpya alijaribu kumwita Bi. Maganga wiki nzima, akachoka mwenyewe, na siku hizi anaingia na shikamoo Mama Nasibu kama sisi wengine.

Alianza kazi kwenye stoo ya magunia. Anasema enzi hizo alikuwa mwembamba hata gunia tupu lilimyumbisha, nasi tunakubali kwa heshima tu. Baadaye akapelekwa Ustawi wa Wafanyakazi, na hapo ndipo wengi wetu tulipomfahamu. Chai ya saa nne ni kazi yake. Barakoa za vumbi kwenye ukumbi wa mashine ni kazi yake. Kile chumba cha kina mama wanaonyonyesha, mbali na kelele na manyoya ya pamba, alikidai miaka miwili bila kupandisha sauti hata siku moja. Ukimnyima kitu leo, kesho asubuhi anakuja tena, anakuamkia vizuri, anauliza watoto wanaendeleaje, halafu anaomba kilekile.

Lakini nikisema hayo tu nitakuwa sijamuaga Mama Nasibu. Wenyeji wa mji huu wanamkumbuka kwa besiboli.

Kwa wageni wetu niseme kwa kifupi. Besiboli ni mchezo wa rungu na mpira mdogo mgumu. Mmoja anarusha, mwingine anapiga, kisha anakimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alikoanzia, na hapo timu yake inapata alama. Mwaka 2014 Mwalimu Eustace, aliyekuwa akifundisha michezo shule ya jirani, alirudi kutoka semina Dar es Salaam na mfuko wa marungu na mipira, akaomba kiwanja chetu cha nyuma. Wanaume walicheka. Mama Nasibu alichukua mpira, akampa kijana mmoja wa kupakia marobota, akamwambia alenge chupa iliyokuwa juu ya ukuta. Kijana alikuwa amekulia kwenye kuchunga ng'ombe, na mchunga ng'ombe hurusha jiwe tangu hajaota meno ya pili. Chupa ikapasuka, na ligi ikawa imezaliwa.

Zilikuwa timu nne. Sisi Busalala. Kahama, waliokuwa waendesha bodaboda na mafundi magari. Chato, wavuvi na wachuuzi wa samaki. Na Karasha ya Geita, wachimbaji wadogo wa dhahabu waliojiita kwa jina la mashine yao ya kusagia mawe. Mama Nasibu akachaguliwa mwenyekiti wa ligi, Mwalimu Eustace akawa refa. Glavu zilishonwa na mafundi viatu wa sokoni. Vituo vilikuwa mito ya gunia, na mwenyekiti wetu, kwa kubana matumizi, aliijaza mbegu za pamba. Jamani! Shinyanga hii, ng'ombe wanapita kila jioni, wewe unaweka mbegu za pamba uwanjani! Tukiwa tunacheza na Kahama, kundi likaingia, na ng'ombe mmoja mwekundu akala kituo cha pili chote huku mkimbiaji wa Kahama amesimama juu yake akipiga kelele. Mwalimu Eustace alitafuta kanuni ya jambo hilo, hakuipata. Mito ikajazwa mchanga kuanzia wiki iliyofuata.

Msimu wa kwanza haukufika mwisho. Wavuvi wa Chato walikuwa wakikesha ziwani na dagaa, halafu wanapanda basi kuja kucheza, wanasinzia wamesimama na glavu mkononi. Wakashindwa, wakajitoa. Kahama nao wakasusa, na kikombe kikabaki kabatini bila mwenyewe. Mjini watu wakawa wanatucheka kwamba ligi ya Busalala ni kama mvua za mwanzo, inanguruma halafu kimya. Hilo lilimuuma Mama Nasibu kuliko alivyoonyesha. Msimu wa pili ulipofunguliwa, Machi 2015, alisimama mbele ya wachezaji wote akasema safari hii, liwe jua iwe mvua, msimu utaisha, na bingwa atapatikana kwa kucheza.

Ulikaribia kweli kuisha. Ikabaki mechi moja tu ya kuamua bingwa, sisi na Karasha, hapa nyumbani. Meneja wetu wakati huo, Bwana Ngassa, alialika wakubwa, akachinja mbuzi mapema kabisa. Saa nane Karasha wakashuka kwenye gari. Walikuwa watano.

Kilichowakuta ni rashi. Wanaotoka machimboni wananielewa. Ikisikika kwamba mahali fulani dhahabu imeonekana, watu huacha hata ugali jikoni, kambi nzima inahama kabla ya asubuhi. Wenzao walikuwa wameshaondoka. Nahodha wao, Chacha, alikuja kwa heshima tu, kumwambia Mama Nasibu uso kwa uso kwamba hawana timu. Kanuni ilitaka wachezaji tisa. Pungufu ya hapo, ushindi ni wa wenyeji bila kurusha mpira. Bwana Ngassa alishaanza kupokea pongezi.

Nilikuwa karibu na Mama Nasibu, nilimwona anavyoangalia kile kiwanja kilichopigwa chokaa. Akamfuata meneja, akamwomba mbele ya wageni wake awaazime Karasha wachezaji wanne kutoka kwetu, tulikuwa nao wa kutosha. Bwana Ngassa akacheka, akakubali. Nadhani alijua mtu wa kwetu akivaa jezi ya wageni anajua la kufanya. Chacha akaambiwa achague mwenyewe. Chacha si mjinga, akaanza na Donatus, mpigaji wetu mkubwa.

Donatus akaja kwa Mama Nasibu kwa sauti ya chini, akauliza sasa yeye acheze vipi. Mama Nasibu alimjibu, "Kwenu ukitumwa kumpalilia jirani aliyepungukiwa watu, unaacha majani kwa sababu shamba si lenu?" Donatus akasema hapana, mama. Akaambiwa, "Haya, nenda kapalilie." Kila aliyelelewa vijijini huku anajua jambo hilo halina mjadala.

Wakapalilia! Tulikuwa tunaongoza kwa alama moja, zamu ya mwisho, wawili wao wamesimama vituoni, Donatus na rungu mkononi. Mpira alioupiga ulipita juu ya uzio ukaangukia kwenye marobota yetu wenyewe. Wote watatu wakarudi taratibu pale walipoanzia, alama tatu. Mlinzi wa getini, nakwambia, ndiye aliyeanza kupiga makofi, kisha uwanja mzima ukalipuka. Bwana Ngassa aliondoka bila kuaga. Karasha na wageni wakala mbuzi, nasi tukala nao, kwani ungefanyaje.

Jumatatu Mama Nasibu aliitwa ofisini. Alitakiwa kitu kimoja: atangaze kwamba wachezaji wa kuazima hawahesabiki, kwa hiyo Busalala ndiyo bingwa. Akikataa, ajue nafasi yake Ustawi haipo, na kazi yenyewe iko mashakani. Mnajua alikuwa mjane, na mwanawe Nasibu alikuwa bado anasoma. Alitoka mle ndani akanieleza yote. Sioni aibu kusema kwamba nilimsihi akubali, ni mchezo tu. Akaniambia vijana walikubaliana naye kabla ya mpira kurushwa, sasa akigeuka atawatazama vipi kesho kantini? Akarudi ndani, akakataa.

Hakufukuzwa. Alipelekwa mizani, kule getini ambako malori ya pamba hupanga foleni na vumbi linakaa mpaka kwenye nyusi. Kiwanja kikafungwa, kikawa maegesho. Mwalimu Eustace akahamishwa kwa utaratibu wa kawaida wa kazi. Karasha walitawanyika kufuata rashi zao, na besiboli ikaishia hapo, misimu miwili basi. Tulidhani Mama Nasibu angenuna. Mizani alipika uji, akawagawia wakulima waliolala foleni, na baada ya muda foleni ile ikawa na adabu kuliko ofisi. Bwana Ngassa alipostaafu, uongozi uliofuata ulimrudisha Ustawi, akakaa kwenye kiti chake kama mtu aliyekwenda msalani akarudi.

Ila lilibaki neno. Miaka yote hii, kwenye soga za kantini, kulikuwa na mtu wa kusema Busalala ndio mabingwa wa 2015, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutangaza rasmi. Mama Nasibu alikuwa anasema "Geita," anaendelea na chai yake. Hakubishana. Lakini sisi tuliokaa naye karibu tunajua lilimkaa moyoni. Aliponyang'anywa nafasi yake hakulia. Nilimwona akilia mara moja tu, siku kijana mgeni alipomwambia kwa utani kwamba ligi yake haikuwa na bingwa hata mmoja.

Ukurasa huu wa jarida letu nilishaumaliza nikaupeleka kwa mchapaji. Juzi nikapigiwa simu kutoka Kahama. Alikuwa Mzee Ngassa. Sauti imechoka sasa, anasema anatembelea fimbo. Alisema amesikia Mwamvua anaagwa na hawezi kusafiri, ila ana ombi moja, kama kurasa bado hazijachapwa. Nilidhani anataka kutoa salamu. Akasema niandike kwamba yeye, akiwa meneja na mdhamini wa ligi, anamtangaza bingwa wa besiboli wa mwaka 2015 kuwa ni Karasha ya Geita, waliocheza tisa, wanne wakiwa wa Busalala, na kwamba msimu ule ulikwisha vizuri. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea mara mbili.

Mama Nasibu, wewe unasoma haya leo kama sisi wote, sikukudokeza. Asante kwa chai, kwa barakoa, kwa uji wa mizani, na kwa kutufundisha kupalilia shamba la mtu. Nenda ukapumzike kwa Nasibu na wajukuu, Mungu akupe afya na miaka mingi yenye utulivu. Msimu wako umeisha, mama, na bingwa ametangazwa.

Scolastika, Idara ya Mizani, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Busalala