Mzee Silinda, Aliyechagua Kabureta

Ndugu, jamaa na majirani mliotushika mkono tangu msiba huu utukute, familia imenituma niwasimulie maisha ya huyu aliyelala mbele yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Silinda.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi alikohitimu mwaka 1972, na mwaka huohuo akaajiriwa katika karakana ya kiwanja kidogo cha ndege, akabaki humo mpaka mgongo ulipomkatalia. Kazi yake ilikuwa kuchukua injini za magari na kuzigeuza ziendeshe ndege za watu wawili, na wenzake walijua kwamba ukitaka kuwahi nyumbani, usitaje kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla hayajaingia kwenye injini, mbele yake.

Mwaka 1979 alimwoa rubani, mwanamke mcheshi aliyemzidi maneno, wakajaliwa binti mmoja. Walipojenga ndege yao wenyewe, mke alitaka injini ya nozeli, inayosukumiwa mafuta na pampu ya umeme, mume akakataa katakata, akasema, "Umeme ukikatika angani, pampu inalala, na wewe unalala nayo. Kabureta haina haja na betri."

"Na baridi je, mume wangu? Ikiganda nitaipuliza kwa mdomo?"

Walicheka, ikafungwa kabureta.

Tarehe 14 Juni 1986, asubuhi ya mawingu na unyevu, mke akiwa angani, barafu iliziba koo la kabureta, bomba la hewa ya moto ambalo Mzee alilifunga kwa mikono yake likawa jembamba mno kuiyeyusha, injini ikanyamaza, na mkewe akaitua ndege shambani, akatoka hai, lakini miguu yake haikusimama tena. Mke hakumlaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililomtafuna, maana angetukanwa angalau angepata la kujibu.

Tangu hapo Mzee alijifungia uani na injini ya nozeli, yenye pampu mbili na betri mbili, moja ikifa nyingine ishike, akaiunda na kuivunja kwa miaka, hadi mwaka 2003 alipoiwasha juu ya fremu, mkewe akitazama kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akazima pampu moja, na injini haikushtuka.

"Hii ningeipanda," mke akasema.

Mzee alizima injini, akaingia ndani, akafunga mlango, na binti yao akamsikia akilia. Injini hiyo haikupaa kamwe, kwani yeye mwenyewe hakuthubutu kuifunga kwenye ndege, wala hakukubali mtu mwingine aifunge.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa, akarudi, akalazwa tena, na katika siku zake za mwisho alimwuliza mkewe kama bado huota anaruka. Mkewe, ambaye hajawahi kumdanganya, alimjibu, "Kila mara," naye akamshika mkono, akakata roho alfajiri ya Jumanne.

Ameacha mjane, binti na wajukuu wawili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wa karakana waliolibeba jeneza.

Mzee Silinda, tua mzigo, upumzike.