Mzee Severini na Mashine Zinazobisha Hodi

Tarehe 30 Juni, Mhandisi Severini Chinguile anastaafu baada ya miaka ishirini na minane katika Kituo chetu cha Kompyuta za Shule, hapa Mtanda, Lindi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, lakini nikishindwa nisilaumiwe.

Alianza kama fundi wa kupiga window, jina la mtaani la kazi ya kuweka mfumo endeshi kwenye kompyuta. Mashine zetu zilikuwa za msaada, na bado ni za msaada: hii ya huku, ile ya kule, hakuna inayofanana na jirani yake. Programu ya kusakinisha tuliyokuwa nayo ilikuwa donge moja. Ikigoma kwenye skrini, imegoma yote. Ikikubali, inafuta diski bila kuuliza. Ndivyo ilivyofuta mitihani yote ya majaribio waliyoitunga walimu wa shule ya Miteja. Mzee Severini alirudi kutoka huko, na kesho yake akaanza kuandika programu yake mwenyewe.

Alitueleza kwa mfano wa nyumba. Kutambua diski ni chumba, lugha ni chumba, skrini chumba, mtandao chumba, na hakuna anayeingia cha mwenzake bila kubisha na kuitikiwa. Kwa hiyo zilipokuja mashine zenye skrini za aina nyingine, alibadilisha chumba kimoja tu. Vingine havikujua hata kama kuna mgeni. Shule isiyo na mtandao, kama Mitole, programu iliruka chumba hicho ikaendelea na safari. Umeme ukikatika, ilianzia pale ilipoishia. Na kabla ya kugusa diski iliandika neno moja, Hodi, ikatulia mpaka mwenye mashine aandike Karibu. Nasi programu tukaiita Hodi.

Siku ya kwanza kuiona, Mwalimu Fortunata wa Miteja aliitikia kwa sauti, akavuta kiti pembeni, akasubiri. Alipoulizwa vipi, akasema, "Nimeshaikaribisha, yenyewe ndo haitaki kuingia." Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

Yaliyobaki hayachekeshi. Makao makuu yetu yametuambia kwamba kuanzia Julai Hodi haitumiki tena. Inakuja programu mpya, donge lingine, inayotaka mtandao wenye nguvu na mashine za juzi. Hakuna hata mashine moja ya Mitole itakayoiweza. Tuliomba angalau vijijini Hodi iachwe. Tukajibiwa kwamba hakuna mtu wa kuitunza. Hilo ni kweli, na ndilo linaloniuma. Fundi mwenzetu Happiness, aliyefundishwa kila chumba, amechukuliwa na benki huko Dar. Fundi mwingine, Jafari, amehamishiwa stoo. Mimi kuiendesha naweza, kuitengeneza siwezi. Mzee alijenga nyumba ambayo yeyote angeweza kuikarabati, na sisi tukakosa huyo yeyote. Sioni njia, na sitajifanya naiona kwa sababu leo kuna keki.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Mitole, safari yake ya mwisho ya kikazi. Mkuu wa shule, Mwalimu Zakia, alimwamkia shikamoo, kisha akauliza mashine zikisumbua mwakani atakuja nani. Mzee aliitikia marahaba. Alikaa kwenye mashine ya dirishani akaanza kusakinisha, na ilipoandika Hodi aliitazama muda mrefu, vidole vikiwa juu ya kibodi, kabla ya kuiandikia Karibu.

Mzee Severini, ahsante kwa kazi, na ahsante kwa kuzitia adabu hata mashine. Mwenyezi Mungu akupe afya, mikorosho yako ikuzalie vizuri, na kila mlango utakaoubisha upate wa kukuitikia. Programu mpya inaingia Jumatatu. Yenyewe haibishi hodi.