Kocha Hayumo Kitabuni

Pale Katesh, ukishaipita stendi kwa barabara ya Singida, kuna benchi la mbao mbele ya jiko la kahawa la Ayubu. Usiulize nani alilileta, kila mmoja atakwambia ni yeye. Asubuhi upepo wa mlimani ukishuka unakata masikio, watu wanabanana hapo vikombe viganjani, na hakuna jambo la nchi hii ambalo halijawahi kuamuliwa kwenye mbao zile. Hata majina hutolewa hapo. Maximilian anaitwa Redio, kwa sababu hazimiki. Modest anaitwa Mahakama, maana yeye ndiye mwenye hukumu ya mwisho, hakuna aliyemchagua. Na Festo anaitwa Kocha, na siku hiyo jina lenyewe lilikuwa linaning'inia.

Kisa ni Rogathe, binti wa kaka yake. Unamjua, yule mkimbiaji aliyezunguka nchi za watu akirudi na medali mpaka sura yake ikabandikwa kwenye magari ya soda. Goti lilipogoma akastaafu, akatangaza kwamba ametunga kitabu cha katuni cha utoto wake, na picha kachora mwenyewe. Yeye! Mtu ambaye shuleni hakuwahi kuchora hata chungu kikasimama! Uzinduzi ulikuwa saa nne, uwanjani, na wilaya nzima ilikuwa inaelekea huko.

Tangu tangazo lile, Festo alikuwa halali kwa kutamba. "Nimo humo," alisema. Kwani si yeye aliyemfundisha? Kaka yake hakutaka kusikia habari ya msichana kukimbia. Festo akasema basi, mtoto na anisaidie kupeleka maziwa hotelini Katesh. Kila asubuhi wakatoka Masakta, Festo mbele na baiskeli, kopo la maziwa la bati limefungwa nyuma, Rogathe anamfuata kwa miguu, kwenda na kurudi. Na Festo haangalii njia! Shingo kaigeuza nyuma, anamtazama mtoto anavyokanyaga, anapiga kelele: "Magoti juu!" Kovu la kidevuni kalipata mtaroni kwa mtindo huo huo.

Mahakama alikuwa ameshahukumu: kitabu kikija, Kocha akiwemo, jina ni lake mpaka kaburini. Asipokuwemo, linarudi kwa wananchi.

Redio ndiye aliyekileta. Binti yake Hilda alikuwa anapanga viti uwanjani, akamchomolea nakala moja.

— Sogeeni, sogeeni! Mikono mikavu tu! Ayubu, weka birika mbali.

Wakakifungua magotini. Festo alikuwa ameshavaa koti lake la kanisani kwa ajili ya uzinduzi. Akasogea taratibu, kama hana haja sana.

Ukurasa wa kwanza, Rogathe mdogo anakimbia. Wa pili, anakimbia. Wa tatu, kuna ng'ombe na mlima, na Rogathe anakimbia.

— Mikono gani hii? — Mahakama akauliza. — Kashika maboga?

— Ndiyo mara yake ya kwanza kuchora, bwana, mwache, — Ayubu akamtetea. — Macho kayapatia. Ona, anakuja kabisa, kama anataka kahawa.

— Kocha yuko wapi?

Wakafunua mpaka mwisho. Wakarudi mwanzo. Redio akakitikisa kitabu, labda Kocha adondoke.

— Hayumo, — Mahakama akasema.

Iliuma, jamani. Festo alikuwa ameiambia Masakta nzima, akapitiliza mpaka Balangdalalu kwa shemeji zake. Lakini hayo ya watu angeyameza. Kilichomchoma ni kingine: kwamba mtoto amekaa chini, amekumbuka ng'ombe, amekumbuka mlima, amekumbuka hata mbwa wa jirani mwenye sikio moja, yeye kamsahau.

— Si lazima niwemo, — akasema. — Kitabu ni chake.

— Ngojeni kwanza, — Redio akadakia. — Mimi najua. Baiskeli ni ngumu kuchora. Ile minyororo, zile spoki! Mtu anayechora mikono kama maboga ataiweza baiskeli? Kaona bora amwache.

— Angemchora anatembea basi!

— Wapi! Kuna sheria, — Ayubu akasema. — Huko wanakochapa vitabu hawaruhusu picha ya mtu anayeendesha haangalii mbele. Watoto wataiga. Trafiki wakampigia simu: mtoe huyo mzee.

— Trafiki wa vitabu?

— Wapo. Wanavaa kiraia.

— Nyie hamjui kitu, — Redio akapanda juu zaidi. — Wajapani hawa. Rogathe si amekimbia kwao? Wakaona siri ya ushindi wake ni Kocha. Wakamwambia, usimwonyeshe, tunamnunua sisi. Kesho kutwa utasikia Kocha kapandishwa ndege na baiskeli yake, anafundisha Japani nzima!

— Na hii nayo? — Mahakama akagonga ukurasa. — Hapa katikati yameanza maandishi makubwa juu ya picha: NG'OLO! NG'OLO! Kila picha mpaka mwisho. Ni nini hiki?

— Moyo wake, amechoka.

— Moyo gani unalia hivyo? Hiyo ni helikopta, walikuwa wanampiga picha kutoka juu.

— Helikopta Masakta, miaka ile?

— Ilikuja kwa siri. Ya Wajapani.

Mahakama akakohoa, akaweka kikombe chini. Hapo kila mtu akajua kinachofuata.

— Bwana Festo, — akasema, na lile "Bwana" likamshuka Festo mgongoni kama maji ya baridi. — Kijiwe kinasikitika. Lakini jina la Kocha…

— Shikamooni wazee.

Alikuwa mwanamke mgeni, kajifunga mtandio, begi begani. Wakamwitikia marahaba, wakasogeana. Akasema anaitwa Yasmini, anasubiri basi la Singida, na baridi ya hapa kumbe si ya mchezo. Ayubu akammiminia kahawa. Akachungulia kitabu magotini kwa Redio, akatabasamu, akafunua kurasa mbili tatu.

— Mzuri huyu mtoto. Samahani wazee, anamfuata nani?

— Anamfuata nani vipi? — Mahakama akashangaa. — Anakimbia tu.

— Mbona kila picha anamtazama mtu? Hajachorwa kwa nyuma hata mara moja, wala kwa ubavu. Kuna mtu yuko mbele yake, kamgeukia, ndiye anayemwona hivi. Ni nani?

Redio akafungua mdomo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakikutoka kitu. Mahakama akakiokota kikombe chake, akanywa.

Festo ndiye aliyekivuta kitabu. Akaanza upya, polepole. Yule mtoto anakuja, macho yamemkazia yeye, na Festo akayatambua macho yale. Alikuwa ameyaona asubuhi zote zile, shingo ikimuuma. Hivi ndivyo Rogathe alivyoonekana kutoka kwenye tandiko la baiskeli. Hakuna binadamu mwingine aliyewahi kumwona hivi. Akafika ukurasa wa hoteli ya Katesh, maziwa yanamiminwa. Baada ya hapo safari ya kurudi, na ndipo NG'OLO! NG'OLO! inapoanza.

— Kwenda kopo limejaa, — akasema. — Halilii. Kurudi ni tupu. Kurudi ndiyo linalia.

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Alikuwa na furaha mpaka ikawa inamlemea.

— Kopo gani? — Mahakama akauliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshapungua nguvu.

Festo alikuwa ameshainuka. Maziwa alikuwa anapeleka hotelini mpaka leo, na baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, kopo limeshamiminwa toka alfajiri. Akapandisha mikunjo ya suruali, akajitupa juu ya tandiko, akakanyaga kuelekea uwanjani. Tairi likaruka jiwe la kwanza.

Ng'olo! Ng'olo!

Mahakama akasimama wima. Akaitazama baiskeli, akakitazama kitabu, akaitazama tena baiskeli.

— Kumbe kila ukurasa yumo! — akapiga kelele. — Kocha! Kocha, tusubiri!

Akatimua mbio, kikombe cha Ayubu mkononi. Redio akamfuata na kitabu, Ayubu akafuata kikombe chake, jiko kamwachia mgeni. Watu wa stendi wakatoka kuona wazee wazima wanakimbizana na mlio wa bati, na wengine wakajiunga bila kuuliza.

Festo hakusubiri mtu. Aliigeuza shingo nyuma, mtaro aujue Mungu, akacheka kwa sauti yake yote.

— Magoti juu, Mahakama! Magoti juu!