Mwalimu Dominiko Hiza na Rangi Isiyokauka

Ndugu waombolezaji, mimi ni Fausta, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kumwelezea kaka yangu, nami nitamwelezea alivyokuwa.

Mwalimu Dominiko Lukasi Hiza alizaliwa Mashewa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mzee Lukasi, mkata mkonge, na mama Hosiana. Alimaliza shule ya msingi huko huko mwaka 1976, kisha akajifunza uchoraji wa mabango kwa fundi mmoja wa Tanga.

Kuanzia 1984 alichora mabango ya maduka Handeni. Alichora vizuri na kuchelewa vibaya. Bango la hoteli yangu ya Kwashemshi lilichukua wiki tisa. Nilifungua bila bango. Na hakuna bango hata moja aliloliandika jina lake mwenyewe. Nilimgombeza miaka yote kwa hilo, akawa anacheka tu.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na Grasiana, wakajaliwa Loyce na Mathias. Wifi yangu ameishi miaka na sebule iliyopakwa rangi nusu.

Mwaka 2013 alianzisha darasa la wanaoanza kuchora, nyumbani kwake Kwamndolwa. Mwezi wa kwanza hakuna kuchora. Ni kuwamba kitambaa kwenye fremu, kupaka rangi nyeupe ya chini, kungoja ikauke, kupiga msasa, kupaka tena. Halafu rangi tatu tu: nyekundu, njano na buluu. Nyeusi ya kopo ilikuwa marufuku. Aliyeitaka aliichanganya mwenyewe. Wengi walikimbia. Mama Mashavu alikuja kulalamika: "Mwalimu, mwanangu mwezi mzima anapaka nyeupe. Nyeupe hata mimi naijua!"

Kaka akamjibu: "Anarudia kabla rangi ya kwanza haijakauka, mama. Niachie wiki mbili."

Novemba mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa Korogwe, kisha Tanga, akafariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Nilitaka jambo moja tu: leo jina lake lisomeke mahali. Msalaba nikawapa wanafunzi wake. Mnauona hapo, mweupe, hauna hata herufi. Jana nilimfokea Yordani, mkubwa wao.

"Shangazi, rangi ya pili haijakauka. Tukiandika sasa, mvua za vuli zikija tu, jina litabanduka."

Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Akalia, akakataa. Wote saba wakakataa. Kwa hiyo tunamzika kaka yangu bila jina, na hasira sijaimaliza. Wataandika Jumapili saa nne asubuhi. Njooni mlisome.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wanne, na wanafunzi saba wabishi kama yeye. Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani.