Ripoti Isiende kwa Posta

Nilikuwa nimekaa nyuma ya wanawake wawili waliojuana humo humo ndani ya basi, hapa mjini Fresno. Maricruz, kijana, alikuwa anakwenda polisi kuomba ripoti ya jinsi mumewe alivyompiga, ili mahakama imzuie mume huyo asimkaribie. "Wataituma kwa posta," alisema.

"Kwa anwani gani, mwanangu?" aliuliza Bi Eulalia, aliyepakata ndoo ya tamale, mikate ya unga wa mahindi iliyopikwa kwa mvuke, za kuuza.

"Niliyowapa siku ile waliyokuja."

"Si ndiko anakoishi mumeo? Unamtumia barua ya kumshtaki?"

Maricruz aliziba mdomo kwa kiganja. Mimi niliyejifanya nasoma simu nikasahau kujifanya.

"Yangu ilikuja nyumbani," Bi Eulalia alisema polepole. "Akaifungua mume wangu. Wewe waambie utaichukua mwenyewe, palepale dirishani."

"Wakikataa?"

"Wakatae mbele yangu."

"Lakini mama, wateja wako wanasubiri! Tamale zitapoa."

"Wana meno, watakula hivyo hivyo. Shika ndoo huku."

"Hapana, mama, nitakwenda peke yangu."

Basi likasimama. Walishuka wote wawili wakibishana, ndoo katikati yao, Maricruz akisema asante kila ngazi.