Matofali ya Siku Nne

Ndugu waombolezaji, majirani, wanachama wa Chama cha Nyumba, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi asubuhi hii, mimi ni mdogo wake marehemu, yule mwalimu mstaafu mliyezoea kuambiwa kwamba ndiye aliyekuwa akimsahihishia barua, ingawa ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinisahihisha mimi. Historia hii sikuitunga, aliitamka mwenyewe akiwa kitandani kwa wiki sita, mimi nikiandika, na kila ukurasa ulipojaa alinitaka niusome upya kwa sauti ili ahakikishe sijapunguza kitu. Ni ndefu kidogo, na kuna mahali itauma, kwa hiyo naomba mnivumilie mpaka mwisho.

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Orodha, alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa pili kati ya watano, katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya kiwanda cha magunia, baba yetu akiwa mlinzi wa geti la kiwanda hicho, na mama yetu akishona mito kwa mabaki yaliyotupwa. Wazazi walilala upande mmoja wa pazia na sisi watano upande wa pili, na alipofika miaka minane alikuwa ameshapanga zamu ya nani alale penye joto na nani alale mlangoni kwenye baridi, akaibandika kwenye pazia, na aliyejaribu kuiba nafasi ya mwenzake alitolewa kwa kuvutwa mguu, nami nasema hivyo kwa sababu mguu ulikuwa wangu.

Alianza shule ya msingi Januari 1964, akamaliza 1970, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1974, ambapo alifaulu vizuri hesabu na uandishi na kufeli kuimba, kisha akasoma ukarani kwa mwaka mmoja. Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa na idara ya maji kama karani wa mita, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano bila kuchelewa hata siku moja, akizunguka mitaa kwa miguu na daftari kifuani, akiingia nyua za watu na kuinama kwenye mita zilizofunikwa na matope, na kwa njia hiyo aliujua mji huu kuanzia chini, nani anaishi vipi, watu wangapi wanachangia bomba moja, na ukuta upi unatoka jasho.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na dereva wa lori, shemeji yetu huyu aliyeketi hapa mbele, mtu wa maneno machache, jambo lililofaa sana, maana maneno ya nyumba ile yalikuwa yameshapata mwenyewe. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni binti yao aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye sasa ni muuguzi, wa tatu ni kijana wao aliyezaliwa mwaka 1987, fundi umeme, na katikati yao alikuwepo wa kiume aliyezaliwa Oktoba 1983 na kufariki tarehe 30 Julai 1984, akiwa na miezi tisa. Walikuwa wamepanga chumba ambacho ukuta wake wa kaskazini haukukauka masika wala kiangazi, nguo zilizotundikwa pale ziliota ukungu, na kitanda cha mtoto hakikuwa na mahali pengine pa kukaa. Daktari alisema ni mapafu, dada alisema ni ukuta, na tangu siku ile hakuweza kuingia chumba cha mtu bila kwanza kuweka kiganja ukutani.

Ndiyo maana tarehe 21 Machi 1998, watu kumi na tisa walipokutana katika darasa la shule kuanzisha Chama cha Nyumba, wakiwa wamechoka kupangishwa mabanda kwa bei ya nyumba, yeye ndiye aliyechaguliwa katibu, na hakuna aliyepinga kwa sababu alikuwa ameshaanza kuandika. Mwaka 2001 Chama kilipata uwanja wa kiwanda cha ngozi kilichofungwa, mahali palipokuwa na mashimo ya kulowekea ngozi, vyuma vyenye kutu na harufu ambayo hata mbwa walikuwa wakiizunguka, na wanachama wakakubaliana kujenga nyumba sitini na nne kwa mikono yao, safu nane za nyumba nane nane, kila familia ikitoa siku zake za kazi, kila familia ikingoja namba yake katika orodha aliyoishika dada. Mdogo wetu wa mwisho alipokwenda kumwomba amsogeze mbele kidogo, undugu ukiwa ndio huo, alikaribishwa kiti, akapewa chai, kisha akafunguliwa daftari na kuonyeshwa namba yake, hamsini na nane, na chai yenyewe akaambiwa aimalizie njiani.

Wengi wenu mnaijua kazi ya pale, lakini kwa ajili ya wageni nitaieleza. Matofali ya saruji yalifyatuliwa uwanjani, yakafunikwa kwa magunia, yakamwagiwa maji asubuhi na jioni, na kwa utaratibu wa Chama hakuna tofali lililoruhusiwa kupanda ukutani kabla ya siku kumi na nne. Kila fungu liliandikwa kwa chaki tarehe ya kufyatuliwa kwake, chaki ilikuwa ya dada peke yake, wenye zamu ya maji waliifuata chaki, na waashi waliifuata chaki. Mwashi mkuu alikuwa Fundi, na nitamwita hivyo kama mtaa ulivyomwita, mtu mrefu, mpole, mwenye utani, aliyewafundisha wauza mboga na makarani kujenga ukuta ulionyooka, na ambaye mwenyewe alikuwa kwenye orodha, namba arobaini na moja.

Mwaka 2009 Chama kilikuwa kwenye safu ya tano, na ikatangazwa kwamba tarehe 24 Septemba wafadhili wangekuja kuiona ikiwa imekamilika, la sivyo msaada wa safu tatu zilizobaki ungekwenda kwa wengine. Mvua za kabla ya wakati zilikuwa zimechelewesha kazi, ukuta wa ubavuni wa nyumba ya mwisho ya safu ile ulikuwa haujaanzwa, na matofali yaliyokuwepo yalikuwa na siku nne tu. Tarehe 8 Septemba, watu walipokwenda kula mchana, dada alibaki peke yake uwanjani, akafuta tarehe kwenye fungu lile kwa kitambaa kibichi, akaandika nyingine, na matofali ya siku nne yakawa ya siku kumi na tano. Yakaacha kumwagiwa maji jioni ileile, kwa sababu chaki ilisema yamekomaa, na kesho yake yakapanda ukutani yakiwa mabichi, jua likayakausha yakiwa huko.

Fundi aliliinua la kwanza, akalipima mkononi, akamwuliza yana siku ngapi. Dada akamjibu, "Soma chaki, Fundi."

Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakapiga picha. Nyumba ile ilikabidhiwa kwa mama mmoja kijana aliyekuwa akifua nguo za watu, mtaa ulimwita Dobi, umri wake miaka ishirini na tisa, alikuwa amengoja miaka kumi, na siku ya kupewa ufunguo alimkumbatia dada mpaka miwani ikaanguka. Tarehe 11 Oktoba 2009, siku ya Jumapili, baada ya mvua ya siku mbili mfululizo, ukuta wa ubavuni ulianguka kwa ndani, na Dobi alikuwa amepumzika kitandani upande huo.

Kamati ilikaa tarehe 14 Oktoba. Mhandisi alisema matofali yalikuwa dhaifu na kwamba ama saruji ilipunjwa ama mjenzi hakujua kazi yake, na wote wakamgeukia Fundi. Fundi alisema amejenga alichopewa, akamtazama dada, akangoja. Dada alikuwa katibu, alikuwa anaandika muhtasari wa kikao, na hapo kwenye ukurasa, kwa mwandiko wake ule mzuri, aliandika, "Fundi ameshindwa kutoa maelezo." Fundi alifukuzwa kwenye Chama siku hiyohiyo, na dada akachukua rula akalikata jina lake, namba arobaini na moja.

Ameniagiza nisimtafutie visingizio, lakini alikubali niseme alichokuwa akijiambia, kwamba mtu mmoja alikuwa ameshakufa na hakuna neno ambalo lingemrudisha, kwamba familia ishirini na nne zilikuwa bado zinangoja katika vyumba vya ukungu, na kwamba Chama kikijulikana katibu wake ni mwongo, msaada ungekatika na wale watoto wangeendelea kulala penye ukuta wenye maji. Alijiambia hivyo kila siku, na kila siku ilibidi ajiambie upya. Safu tatu zikajengwa, nyumba ya sitini na nne ikakamilika tarehe 5 Aprili 2014, akaingia yeye, wa mwisho kabisa, kama alivyoahidi, akapewa cheti na shada la maua, na shemeji anasema maua yale hakuyaweka ndani.

Fundi hakupewa tena ukuta wa kujenga na mtu yeyote. Alipata baiskeli yenye jiwe la kunolea, akawa anapita mtaani akinoa visu na mikasi, katikati ya nyumba ambazo nusu yake alizijenga yeye. Mwaka 2016, mwezi Agosti, dada alipiga moyo konde akaenda kwake, akamkuta amekaa nje ya chumba chake cha kupanga, akaanza kumweleza habari ya chaki. Fundi alimkatiza.

"Nilijua ni mabichi tangu niliposhika la kwanza," alimwambia. "Nikasema, chaki yako haijawahi kusema uongo. Sasa usiniambie mimi, dada. Mimi nilikuwepo. Waambie ambao hawakuwepo."

Dada alimwahidi kwamba angesema kwenye mkutano mkuu wa mwaka ule, lakini mkutano ulipofika akaona afadhali ungoje uchaguzi upite, mwaka uliofuata palikuwa na ugeni, uliofuata aliumwa mgongo, na hivyo ikapita miaka sita, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa kazini. Fundi alifariki tarehe 6 Februari 2023. Kwenye mazishi yake nilikaa karibu na dada, viti vya plastiki kama hivi, na kijana wa marehemu alisoma historia ya baba yake, akafika mahali akasema kwamba mwaka 2009 aliacha kazi ya uashi kwa sababu zake binafsi. Dada alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, akajiinua nusu, nikadhani anaumwa, nikamwuliza kama anataka maji. Akakaa. Historia ikaendelea, ikaisha, Fundi akazikwa na lawama ile juu yake.

Mwezi Mei mwaka huu dada alianza kupungua mwili, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na mwanzoni mwa Julai, alipoambiwa kwamba hakuna tiba zaidi ya kupunguza maumivu, aliniita akaniambia nije na daftari. Alifariki Jumamosi tarehe 19 Agosti 2023, saa nne asubuhi, katika wodi ya wanawake, binti yake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watano.

Jana familia ilikaa kujadili karatasi hizi. Binti yake alilia, akaomba mama yake asivuliwe nguo mbele za watu siku asiyoweza kujitetea, nami simlaumu, ni mtoto. Mwenyekiti wa Chama alikuja kutusihi turuke kurasa mbili tu, maana kuna maombi ya mradi mpya mezani, nikamjibu kwamba sababu hiyohiyo ndiyo iliyoandikwa ndani ya hizo kurasa mbili. Nilikasirika, na bado nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu ya dada yangu, kwa sababu hili lilikuwa lake kulisema akiwa hai, mbele ya yule mtu, na badala yake ameniachia mimi, nilisome kwa watu ambao hawawezi kumwuliza swali. Shemeji ndiye aliyemaliza kikao. Alisema, "Isome."

Basi nimesoma. Ukuta uliomwua Dobi haukuangushwa na Fundi. Mjane wa Fundi yupo hapa, na mama mzazi wa Dobi yupo hapa, wamekuja kama majirani na wamepika nasi tangu juzi, bila kujua watasikia nini, na hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote. Dada alitaka niseme kwamba yeye hawaombi ninyi wawili msamaha kwa kinywa cha mtu mwingine, kwamba alitaka tu mjue.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomsitiri mpaka dakika ya mwisho, majirani wa safu zote nane waliopokezana kumwosha, kumlisha na kukaa naye, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na wanachama wa Chama cha Nyumba waliochimba kaburi kwa mikono yao. Baada ya hapa tutanyanyua jeneza. Kama kuna mtu ambaye, kwa aliyoyasikia, hawezi kulibeba wala kulifuata, aondoke sasa bila kuaga, hatutamwuliza neno, na sisi tutangoja mpaka atakayeondoka awe ameondoka.

Dada, sikuruka mstari. Pumzika kwa amani, kama wao wataweza kukuachia upumzike.