Barafu Hulipwa kwa Barafu

Benchi letu liko nje ya kiwanda cha barafu, lakini asubuhi hiyo lilikuwa la moto kuliko birika la kahawa. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa amekamatwa wiki moja nyuma pamoja na boti yake kwa kuvuka mpaka wa bahari, ng'ambo, katika nchi ambayo viongozi wetu huiita ndugu wa damu. Mdogo wangu hali, halali, simu haimtoki mkononi. Nikaenda kijiweni kutafuta faraja. Nilikosea mlango.

Waziri, kinyozi mvaa tai ambaye hajawahi kuchaguliwa hata ujumbe wa mtaa, alisema chanzo ni uchaguzi wa wenzetu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbunge wao alikuwa mgonjwa wa kura. Shemeji yako kaenda, mgonjwa kapona.

Redio, dereva asiyejua kunyamaza, aliona hiyo ni ndogo. Alidai hata mbunge wetu anafaidika, ndiyo maana na sisi tumeshika boti yao moja: kila upande una mtu wa kumpigia kelele jukwaani.

— Na samaki wenyewe wametumwa. Samaki mkunje angali mbichi. Wanawafunza wangali wadogo, wakikua wanakuja kuwavuta wavuvi wetu wavuke mpaka.

Nilimwambia anikome. Nilikuwa na uchungu, na siku hiyo niliwachukia watu wa ng'ambo wote, mpaka vichanga vyao.

Ndipo akasimama mbele yetu mwanamke mwenye lafudhi ya huko huko, kabeba kasha linalovuja maji.

— Samahanini, kaka zangu. Kwa mwenye boti ya buluu ni wapi? Mume wangu alimkopa barafu baharini.

Wavuvi wa pande zote mbili wana desturi: barafu ya baharini hulipwa kwa barafu, hata ikifika nusu maji. Na huyu alikuwa ameivusha mpaka, akaileta mlangoni pa kiwanda cha barafu. Nilicheka huku machozi yananilenga, nikamwambia mwenye boti ni shemeji yangu.

— Najua yuko kwetu, kaka. Tunampelekea chakula. Wavuvi tumemwambia mbunge wetu, huyu asiporudi kwake, kura zetu asizione. Juzi alikuwa simba, jana kalainika. Anasema atamwachia, ila na huku mwachie boti ya kwetu. Nyie wa kwenu mmemwambiaje?

Tulikuwa tumeongea wiki nzima, na ofisi ya mbunge iko ng'ambo ya barabara, mlango wazi.

Nikampigia mdogo wangu. Alikuja mbio, akasikiliza, kisha akashika mkono mmoja wa kasha, mgeni akashika wa pili. Waziri akakaza tai. Tukavuka barabara wote, wavuvi wa soko la samaki la jirani wakitufuata, na muuza kahawa akabaki na vikombe vinavyofuka moshi, akiuliza nani atakunywa.